Asasi ndogo ijifunze kwa kamati ya harusi: namna ya kunufaika na mitandao ya kijamii

Kama umewahi kuingizwa kwenye grupu la harusi bila kuulizwa, basi sehemu kubwa ya mwongozo huu unaijua tayari. Mwenyekiti anatangaza tarehe na bajeti. Mhazini anaweka namba ya kupokelea michango. Kila usiku, kwenye saa tatu hivi, inashuka orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, na alama ya vema mbele ya waliomaliza. Shangazi aliye Muscat anauliza mbona jina lake halionekani, na dakika mbili hazipiti kabla hajajibiwa. Wiki sita baadaye zimepatikana milioni kadhaa, na hakuna aliyeajiriwa kuwa ofisa mawasiliano.

Sasa fungua ukurasa wa asasi ndogo yoyote. Utakuta watu kumi na wawili wamesimama mstari mmoja nyuma ya bango, wa katikati kavaa tai. Chini yake: “Wadau katika picha ya pamoja mara baada ya kufunga warsha ya kujengeana uwezo.” Waliopenda ni wanane, saba kati yao wafanyakazi wa hapo hapo ofisini.

Ninaisaidia asasi ya namna hiyo mkoani Tanga. Kazi yake ni kujenga matundu ya vyoo kwenye shule za msingi. Niliingia kama kijana wa kompyuta wa kujitolea, nikaishia kukabidhiwa mitandao yote kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Yaliyomo humu nimeyaokota kazini, mengine baada ya kuharibu.

Hatua ya 1: Someni kwanza meseji zilizolala

Msiposti chochote kipya kabla ya kufungua kikasha. Siku niliyopewa neno la siri la ukurasa wetu wa Facebook nilikuta meseji 41 ambazo hakuna aliyezigusa. Nyingi zilikuwa za matapeli wa mikopo na watu wa kuuza wafuasi. Katikati yao ilikuwemo hii, imetumwa saa nne usiku:

“Habari za usiku. Naomba kuuliza, ile shule ya kwetu mliyokuja kupima mwezi wa tatu, vyoo vitaanza lini? Binti yangu yuko darasa la sita, akiwa kwenye siku zake haendi. Anasema choo hakina mlango.”

Ilikuwa imekaa siku 23. Katika siku hizo hizo tulikuwa tumewalipa watu nauli na posho waende vijijini kukusanya maoni ya wazazi.

Jibuni zote, hata zilizochacha. Kisha mteueni mtu mmoja wa kujibu, mpeni simu ya ofisi na siyo yake binafsi, na pangeni nyakati: kwetu ni saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Asipokuwa na jibu aandike tu, “Nimeipata, mama. Kesho namuuliza fundi, nitakurudia kabla ya saa saba.” Na arudi kweli. Asasi isiyoweza kufanya hivi kwa mwezi mzima isiendelee na hatua zinazofuata, maana itakuwa inaita wageni kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hatua ya 2: Chagueni haja moja

“Kujulikana” haitoshi kuwa haja. Mnataka fedha? Watu wa kujitolea? Taarifa kutoka vijijini? Mnataka halmashauri isikie? Kila moja ina watu wake na lugha yake. Chagueni moja kwa miezi mitatu, mwiandike ukutani. Sisi tulianza na taarifa kutoka kwa wazazi. Fedha zilikuja nyuma yake.

Hatua ya 3: Wafuateni watu walipo

Ukitaka kuwajua walipo, waulize. Tulipita kwenye mkutano mmoja wa wazazi tukaomba kila mtu ainue simu yake juu. Zaidi ya nusu zilikuwa vitochi. Mpango wetu mzuri wa Instagram ulifia pale pale.

Kwa wenye vitochi, mtandao wenu ni SMS, simu ya kupigwa na mwenyekiti wa kitongoji. Msimdharau huyu wa mwisho. Ana uwezo wa kufikisha ujumbe kuliko tangazo la kulipia. Wenye simu janja wako WhatsApp, hata wale wasiojua kwamba WhatsApp inatumia intaneti. Vijana wa mjini mnawapata TikTok na Instagram. Waandishi wa habari, wanasheria na maofisa wa mashirika makubwa wanashinda X na LinkedIn. Wenyeji wa wilaya yenu walioko Dar es Salaam, Mombasa au Ulaya wana magrupu yao ya WhatsApp na kurasa za Facebook za watu wa kwao, na hao ndio wenye uchungu na shule waliyosoma. Anzeni na mitandao miwili tu.

Kuhusu WhatsApp kuna mambo matatu yanayowaponza wengi. Kwanza, orodha ya matangazo hubeba watu hadi 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yenu; kwa hiyo kila mkutano uanze kwa kuwaomba watu waihifadhi. Pili, grupu lililoachwa wazi kwa kila mmoja kuandika litajaa dua za asubuhi, matangazo ya sabuni na habari za uongo ndani ya siku nne. Fanyeni mawili: moja la matangazo ambalo wasimamizi peke yao huandika, jingine dogo la mazungumzo, la wasiozidi arobaini. Tatu, stetasi. Watu hufungua stetasi kama wanavyochungulia dirishani, na ni pa bure. Picha moja ya ujenzi kila jioni inatosha.

Hatua ya 4: Andikeni kama mtu anayezungumza

Hapa ndipo asasi zetu zinapougua, na nadhani ugonjwa tumeupata kwenye maandiko ya miradi. Tumezoea kumwandikia mfadhili mpaka tumesahau kuwa jirani naye anasoma. Hii ni posti yetu ya zamani, neno kwa neno:

“Shirika limefanikiwa kukabidhi miundombinu bora ya usafi wa mazingira kwa wanufaika 612.”

Na hii ndiyo tuliyoandika safari iliyofuata, kwa shule nyingine ya ukubwa ule ule:

“Jana mchana fundi amefunga mlango wa tundu la sita. Imebaki milango miwili. Bawaba tulizonunua ni fupi, tumezirudisha dukani. Juzi shule hii ilikuwa na matundu mawili kwa watoto zaidi ya 600, sasa yatakuwa kumi. Bado hatujafika: kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.”

Ya kwanza haikupata neno kutoka kwa yeyote. Ya pili, kabla ya magharibi, seremala mmoja wa Korogwe tusiyemjua aliandika: “Hizo bawaba njooni mchukue kwangu, sitaki hela.” Mkurugenzi wetu alikuwa amekataa sentensi ile ya bawaba isiwekwe, akisema inatuaibisha. Tulibishana naye karibu nusu saa.

Kwa hiyo: tajeni kitu kinachoshikika, semeni kilichokwama, wekeni hesabu. Maneno kama “wanufaika”, “wadau” na “kujengeana uwezo” yabaki kwenye ripoti. Video iwe ya dakika moja au chini yake, simu imeshikwa wima, fundi au mwalimu akizungumza mwenyewe. Wekeni maandishi juu ya picha, kwa sababu wengi hutazama wakiwa ndani ya daladala bila sauti. Na muiogope bando ya msomaji. Mabango mnayotengeneza kwa programu ya Canva (wana mpango wa bure kwa asasi zilizosajiliwa, uombeni) yasiwe na maandishi yote ndani ya picha. Habari yenyewe iandikwe chini, ili asiyeweza kufungua picha asome.

Hatua ya 5: Changisheni kama kamati ya harusi

Mwaka 2011, ukame ulipowashika watu wa kaskazini mwa Kenya, ilianzishwa kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya, wakishirikiana Msalaba Mwekundu wa Kenya, kampuni na vyombo vya habari. Lengo la mwanzo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya. Likavukwa. Wananchi wa kawaida walitoa kupitia M-Pesa, na mitandao ya kijamii ikawa inasukuma habari kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Pale palikuwa na kiasi kinachojulikana, njia moja nyepesi ya kutoa, na muda wenye mwisho. Hayo matatu hata kamati ya harusi inayo.

Kwa hiyo msichangishe “kwa ajili ya maendeleo ya elimu”. Changisheni kwa ajili ya milango minane ya shule moja, kuanzia tarehe hii hadi ile. Vunjeni gharama iwe vipande ambavyo mtu anaweza kuvinunua: mfuko wa saruji, bati, bawaba, siku moja ya fundi. Mwenye kidogo aone pa kukiweka.

Namba ya kupokelea iwe lipa namba ya asasi, au Paybill kwa walio Kenya, ambayo mtu akiandika anaona jina la asasi kabla hajaruhusu muamala. Namba ya mwenyekiti kamwe. Hata kama ni mcha Mungu, siku simu yake ikiibiwa heshima ya asasi imekwenda nayo.

Halafu orodha. Kila jioni, saa ile ile, bila kuruka. Asiyetaka jina lake mwandikeni “mja wa Mungu”, lakini kiasi chake kionekane. Matumizi nayo yaingie humo humo: picha ya risiti ya duka la vifaa, hata iliyolowa jasho la dereva wa bodaboda. Kuna usiku mmoja niliruka orodha kwa sababu umeme ulikatika. Asubuhi nilikuta wachangiaji watano wameuliza kulikoni. Watano! Ndipo nilipojua orodha ile ilikuwa inasomwa.

Hatua ya 6: Waacheni watu wafanye kazi pamoja nanyi

Mpaka hapa tumezungumzia kusema na kupokea. Kuna faida kubwa zaidi ambayo asasi nyingi haziigusi: watu wengi, kila mmoja na kipande chake kidogo cha habari, wakaunganishwa na kompyuta kuwa kitu kimoja.

Mfano ulio karibu nasi ni Ushahidi. Ulizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh alitoa wazo, na pamoja na Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakatengeneza tovuti ya kupokea habari za mashuhuda na kuzibandika kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, programu hiyo hiyo ilitumika kule: watu walituma SMS kwenye namba 4636, nyingi kwa Kikrioli, na Wahaiti walioko nchi nyingine wakawa wanazitafsiri huku wamekaa majumbani mwao.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walishika vifaa vya GPS wakapita vichochoro vyao wenyewe wakiandika mabomba, vyoo, zahanati na shule, maana kwenye ramani za mtandaoni mtaa wao ulikuwa doa tupu. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Dar es Salaam nayo ikapata Ramani Huria, iliyoanza 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika walichora mitaro, njia na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha na kuitumia bila kulipa.

Asasi yenu haihitaji ukubwa huo. Sisi tulianza na KoboToolbox, programu ya bure ya dodoso inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Ukifika kwenye minara, majibu yanajituma. Tuliweka maswali sita, picha moja, na mahali shule ilipo. Walimu 17 wakajitolea.

Raundi ya kwanza ilikuwa takataka tupu. Tuliuliza, “Shule ina matundu mangapi?” Shule moja ikaandika 14. Picha iliyoambatanishwa ilionyesha kibanda kimeota nyasi mpaka kwenye paa. Nilipompigia mwalimu, baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia taratibu, “Kijana, umeuliza yako mangapi. Hukuuliza yanayotumika.” Tulibadili swali likawa: “Matundu mangapi yametumiwa na wanafunzi leo?” Ile 14 ikawa 4.

Kwa hiyo jaribuni dodoso kwa watu wawili kabla ya kulisambaza. Kila taarifa nzito ithibitishwe na mtu wa pili asiyekaa nyumba moja na wa kwanza. Na jedwali likikamilika lirudisheni kwa waliolijaza, kwenye grupu na kwenye karatasi iliyobandikwa ubao wa matangazo wa shule. Sisi tulipolibandika, wazazi wa kijiji cha pili waliona wao wamepitwa, wakachimba shimo kwa nguvu zao kabla hatujafika. Hilo hatukulipanga wala hatukuliandika kwenye andiko lolote.

Hatua ya 7: Picha za watu

Machi 2012 asasi ya Kimarekani iitwayo Invisible Children ilitoa video kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda. Haikupita wiki ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Kisha ilionyeshwa kwenye skrini kubwa mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioipitia vita yenyewe. Watu walikasirika, ikabidi maonyesho yasimamishwe. Wenye habari yao walikuwa wa mwisho kuiona, na walipoiona hawakujitambua humo.

Tangu niijue habari hiyo tuna utaratibu mmoja: aliyepigwa picha anasomewa maneno yatakayokaa chini yake, kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, kabla hayajapanda. Akisema hapana, haipandi. Binti mmoja alitukatalia neno moja tu, “masikini”. Tukalifuta, na posti haikupungukiwa kitu.

Mtoto piga kwa nyuma, au mikono yake, au madaftari yake. Msiweke jina, sura na shule mahali pamoja, hasa habari inapohusu ugonjwa, ukatili au hedhi. Pateni idhini ya mzazi kwa maandishi na muitunze. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Majedwali ya Kobo yenye namba za simu za wazazi yamo ndani ya sheria hizi, msidhani ni za mabenki peke yake. Namba hizo zisitupwe kwenye grupu ovyo.

Hatua ya 8: Kumbukeni ninyi ni wapangaji

Facebook, WhatsApp, TikTok: zote ni nyumba za watu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Uganda iliwatoza watu shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ikazimwa; iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa.

Wekeni daftari la majina na namba, la karatasi, lifungiwe kabatini. Muwe na namna ya kutuma SMS kwa wote. Picha zenu zikae mahali pengine pia, kwa mfano kwenye diski ya nje ya ofisi.

Na funguo. Asasi moja jirani yetu ilifunguliwa ukurasa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, kwa akaunti yake mwenyewe. Alipoondoka aliondoka nao, hakuwa na ubaya, alibadili simu tu na kusahau nywila. Wafuasi elfu nne wakabaki wanatazama picha za 2019. Kila ukurasa uwe na wasimamizi wawili ambao ni waajiriwa au wajumbe wa bodi, uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya siri ya pili) uwashwe, na barua pepe inayoumiliki iwe ya asasi.

Hatua ya 9: Hesabuni yanayofaa

Idadi ya wafuasi haituambii mengi, wananunulika. Kila Ijumaa jioni mimi huandika mambo manne kwenye daftari: meseji ngapi zimeingia, ngapi zimejibiwa siku hiyo hiyo, watu wangapi wamefanya jambo (wametoa, wamejaza dodoso, wamekuja kuchimba), na swali gani limeulizwa mara nyingi zaidi. Swali hilo ndilo huwa posti ya Jumatatu.

Wiki iliyopita waliouliza walikuwa tisa, wote wakitaka kujua nani anamwaga maji kwenye vyoo shule zikifungwa. Jibu bado hatuna. Jumatatu tutaandika hivyo hivyo, na tutawaachia nafasi ya maoni wazi.